Isipokuwa Borghild

Huku kwetu nyikani, Januari mtu haendeshi gari peke yake. Hiyo si sheria, ni akili. Gari likizima katikati ya theluji, mtu hupata joto la mwenzake mpaka atokee wa kuwavuta, na huyo wa kuwavuta anaweza kutokea kesho. Ndiyo maana mimi na Marva Schimke tulipanda gari moja kwenda makao makuu ya jimbo, ingawa yeye alikuwa anakwenda kuuombea mswada upite na mimi nilikuwa nakwenda kuuombea ufe.

Tulibeba sandwichi za mayai, chupa ya kahawa, mablanketi mawili na koleo. Marva ndiye aliyeendesha, kwa sababu macho yangu ni mabovu. Huwa mabovu zaidi ninapotaka.

Mswada wenyewe ulimhusu mjukuu wangu, ingawa waliouandika hawakumjua. Alizaliwa miaka kumi na minne iliyopita, daktari akatazama, akasema ni mvulana. Hatukuwa na sababu ya kumbishia. Tukampa jina la mume wangu Palmer, ambaye sasa ni marehemu. Alipofika miaka minane akatuketisha mezani, akatueleza kwa adabu kwamba yalifanyika makosa, yeye ni msichana. Baba yake, mwanangu Darrin, ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na ya siku hiyo alikuwa ameshayamalizia kwa ng'ombe, kwa hiyo hakubisha. Mama yake alilia wiki moja, kisha akashona gauni.

Nilidhani mtoto atachagua jina la kisasa, la wasichana wa kwenye televisheni. Akachagua Borghild, jina la mama mkwe wangu. Kwa miaka sabini hakuna aliyekuwa amempa mtoto jina hilo, wala ndama.

"Mwanangu," nikamwambia, "hata Borghild mwenyewe hakulipenda."

"Mimi nalipenda, Bibi."

Basi, yakaisha.

Sasa mara nne kwa mwaka wanampeleka kwa daktari mjini, mwendo wa saa tatu, anachomwa sindano ya kuzichelewesha ndevu na ile sauti nzito, mpaka akue ajue anachotaka. Mswada ulisema daktari atakayemchoma mtoto sindano ya namna hiyo kabla hajatimiza miaka kumi na minane atanyang'anywa leseni. Ulikuwa na kurasa kumi na moja. Darrin aliusoma wote mezani, akaukunja, akapiga simu Minnesota, jimbo la jirani, akapata kazi kwenye maghala ya nafaka. Mswada ukipita, ng'ombe wote mia moja na arobaini wangekwenda mnadani, na yeye, mkewe na Borghild wangehama. Mimi ningebaki na paka. Mimi nina miaka themanini na mitatu. Paka ana kumi na saba.

Msiniulize kwa nini nisihame nao. Palmer yupo makaburini pale kanisani, na ubavuni mwake jina langu limeshachongwa kwenye jiwe, bado tarehe tu. Mtu hahami akaacha jiwe lake likimsubiri.

Marva tumeshona naye mablanketi ya viraka kwenye chumba cha chini cha kanisa kwa miaka hamsini na mmoja. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye uhakika.

"Nampenda mtoto yule, Ardis," alisema tulipofika barabara kuu. "Ndiyo maana nataka sheria imlinde."

"Imlinde na nani?"

"Na haraka."

"Tumeanza ana miaka minane, Marva. Hata konokono wangetupita."

"Mungu hakosei."

"Hakosei. Anayekosea ni daktari aliyetazama."

"Wewe kila kitu kwako mzaha!"

"Si kila kitu. Tazama mbele, kuna swala."

Kuanzia hapo akahubiri. Alihubiri maili mia moja na thelathini, kwa upole, kwa machozi kidogo, na kwa mifano ya jamaa wa watu fulani aliowasoma. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi. Nilisema "mm" mara nyingi, kwa sababu mdomo ulikuwa na sandwichi.

Bungeni kuna sakafu ya marumaru ambayo mzee akiteleza hapo hana haja ya kuinuka. Mlangoni mwa chumba cha kamati kulikuwa na meza, na mezani karatasi mbili: moja ya wanaounga mkono, nyingine ya wanaopinga. Karani, binti mmoja mwenye miwani mikubwa, alikuwa akieleza utaratibu. Kila upande unapewa dakika arobaini. Wasemaji wa upande huo wanagawana.

Upande wa kuunga mkono walikuwa wamejiandikisha watu wanne: daktari mmoja kutoka Florida aliyeiva na jua, mwanasheria mmoja kutoka mbali zaidi, mchungaji mmoja, na Marva, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaandika jina lake. Upande wa kupinga walikuwa sabini na sita. Walijaa ukutani, wamekaa ngazini, kina mama na kina baba na madaktari na watoto wenyewe wamevaa koti juu ya koti.

"Nyinyi mna nusu dakika kila mtu," karani akawaambia. "Pamoja na kutembea hadi kwenye kiti."

Nikapima kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye kile kiti. Mimi na fimbo yangu, nusu dakika ingeishia njiani. Ningesema "Mheshimiwa Mwenyekiti" nikiwa nimesimama katikati ya chumba, na kengele ingelia.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakusema mtu awepo upande upi wa chumba.

Nikachukua kalamu mkononi mwa Marva, nikaandika jina langu chini ya lake.

"Mmekuja pamoja?" karani akauliza.

"Gari moja," nikasema. Ambayo ni kweli.

Marva alinitazama. Kisha akanishika mkono mbele za watu wote, macho yamemlowa. Alidhani mahubiri ya garini yameingia. Katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo pekee ninalolijutia, na hata hilo si sana.

Wakanipa kibandiko cha kijani cha wanaounga mkono na kiti cha mbele, chenye mto.

Mwenyekiti alikuwa Seneta Gaylen Roth, mtu wa bima, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuombea chakula. Kamati ilikuwa na watu saba. Sita walikuwa na karatasi mbele yao. Wa saba, Seneta Twyla Odden, mfugaji kutoka magharibi ya mto, alikuwa na uzi na sindano anafuma soksi. Daktari wa Florida alizungumza dakika nane kuhusu nchi za Ulaya. Kisha jina langu likaitwa.

"Bi Ardis Haugen, mkulima, mama wa kanisa, anaunga mkono," Roth akasoma. Akatabasamu. "Karibu sana, mama. Chukua muda wako."

Nikauchukua. Nilitembea kama ninavyotembea, nikaketi, nikaweka fimbo, nikasogeza kipaza sauti, nikakisogeza tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja na marekebisho."

"Marekebisho?"

"Madogo. Ukurasa wa pili, mstari wa nne. Pale panaposema daktari asimpe mtoto yeyote matibabu haya. Mbele yake ongezeni 'isipokuwa Borghild'."

Karani akainua kichwa. "Samahani, bibi, hilo linaandikwaje?"

Nikamtajia herufi, moja moja. Aliandika zote. Ni binti mzuri.

"Borghild ndiye nani?" Roth akauliza.

"Mjukuu wangu."

Nyuma watu wakacheka, Roth akagonga nyundo yake. "Mama, nadhani umejiandikisha upande usio wako."

"Hapana, Mheshimiwa. Naunga mkono. Kurasa zote kumi na moja naziunga mkono, nikishapata maneno yangu mawili."

Yule mwanasheria wa mbali akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu mama anatumia muda wetu!"

"Shahidi hakatizwi ndani ya muda wake," akasema Seneta Odden, macho kwenye soksi. "Kanuni ya tisa. Uliiandika wewe mwenyewe, Gaylen. Amebakiwa na dakika sita."

Mwanasheria akaketi. Roth akakunja mikono juu ya meza kama mtu anayetaka kumwuzia mjane kitu.

"Mama yangu, uchungu wako nauelewa. Na mimi ni babu. Lakini hatuwezi kutunga sheria kwa ajili ya mtoto mmoja."

"Kwa kaunti yetu wako wangapi?"

Akapekua karatasi. Akamtazama daktari wa Florida, daktari akatazama dari. "Takwimu za kaunti sina."

"Mimi ninazo. Tuna watu elfu moja na mia nane, ng'ombe elfu sabini, na Borghild mmoja. Kwa hiyo kwetu, Mheshimiwa, sheria ya mtoto mmoja mmeshaitunga. Mmetumia kurasa kumi na moja kumwingiza. Mimi naomba maneno mawili kumtoa."

Roth akashika glasi. Alikunywa maji. Nilimwacha anywe, muda ulikuwa wangu lakini kiu ni ya wote.

"Una ujuzi wowote wa kitabibu, mama?"

"Sina. Nina darasa la nane. Shule ilikuwa na chumba kimoja na choo kimoja, na choo kilikuwa nje."

"Basi utakubali haya ni mambo ya wataalamu."

"Nakubali sana. Ndiyo maana tulimpeleka kwa daktari. Nyinyi ndio mnaomfukuza. Wewe Mheshimiwa ulisomea nini?"

"Bima," akasema, taratibu.

"Bima kitu kizuri. Ulimwuzia marehemu mume wangu ya mvua ya mawe. Mawe tu ndiyo yaliyokuja."

Hapo hata mchungaji alicheka, akajifanya anakohoa. Seneta mmoja kijana wa pembeni, aliyekuwa mstaarabu muda wote, akainua mkono. Huyu swali lake lilikuwa swali.

"Bibi Haugen, na je, akija kubadili mawazo? Ana miaka kumi na minne. Mimi nikiwa na miaka hiyo nilitaka kuwa mpiga ngoma."

"Akibadili mawazo ataacha sindano. Daktari ametuambia mwili utaendelea pale ulipoachia. Mimi, baba, nilibadili mawazo kuhusu Palmer miezi mitatu baada ya harusi. Ilinichukua miaka minne kuyarudisha, na kwa hilo hapakuwa na daktari, wala bunge halikuniita."

"Na yalirudi?" kijana akauliza. "Mawazo, namaanisha."

"Yalirudi. Nikakaa naye miaka hamsini na tisa."

Kijana akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Labda ngoma.

Seneta Odden akaweka soksi chini. "Mswada ukipita, Ardis, nyumbani kwenu kutakuwaje?"

"Mwanangu anahamia Minnesota na mkewe na mtoto. Borghild atachomwa sindano ileile, kwa daktari wa jimbo jingine, na atakuwa karibu zaidi kuliko huyu wa sasa. Ng'ombe watauzwa. Nyinyi mtabaki na sheria yenu, na mimi nitabaki na paka."

"Ng'ombe gani?"

"Angus. Mia na arobaini."

"Wazuri?"

"Wazuri kuliko watoto wa watu wengi."

"Hm," akasema, akaichukua soksi.

Kengele ikalia. Nilipoinuka, nikampita Marva, zamu yake imefika. Alikuwa ameng'oa kibandiko changu kwa macho. Aliketi, akafungua karatasi zake mbili, akazisoma zote, neno kwa neno, kuunga mkono. Hakuruka hata mstari. Sauti ilimtetemeka kwa hasira, na watu wakadhani ni imani. Alisoma vizuri sana. Nilitaka kumpigia makofi, nikaona siku ile nimeshamfanyia ya kutosha.

Kisha wakaja sabini na sita. Sitawaeleza wote. Daktari mmoja aliyetibu watoto miaka thelathini alikatwa katikati ya neno, akabaki mdomo wazi kama samaki, akashukuru, akaondoka. Mama mmoja alisema, "Jina langu ni," akashindwa kuendelea, akakaa pale kwenye kiti nusu dakika nzima bila kusema kitu, na Roth, nampa haki yake, hakugonga nyundo mpaka kengele ilipolia. Msichana mmoja alisema tu, "Nimetoka mbali, nilitaka mnione," akageuka upande mmoja, akageuka wa pili, akaenda zake.

Sindano za Odden zilikuwa zimesimama. Mambo yalipokwisha akaomba kutoa hoja.

"Naomba mswada upelekwe siku ya arobaini na moja."

Mgeni hapo angedhani umeahirishwa. Bunge letu hukaa siku arobaini. Siku ya arobaini na moja haipo. Sisi huku hatuui mswada wa mwenzetu mbele za watu, ni kukosa adabu. Tunaupangia siku isiyokuwepo, tunamwambia mwenyewe "siku hiyo tutausikiliza", na kila mtu anakwenda kula chakula cha mchana.

"Twyla," Roth akasema, na ile sauti ya kuombea chakula ilikuwa imekauka, "bibi mmoja na vichekesho vyake visikuyumbishe."

"Hakuniyumbisha. Wilaya yangu imefunga shule mbili mwaka huu kwa kukosa watoto. Ya tatu ina darasa la kwanza lenye mtoto mmoja, anacheza mbio na mwalimu. Sitapiga kura ya kuwafukuza waliobaki, hata wakijiita Borghild."

Wakapiga kura kwa majina. Tatu kwa tatu. Wa mwisho alikuwa yule kijana wa ngoma. Alitazama karatasi yake muda mrefu mpaka nikaanza kuona vizuri, nikaona sikio lake limekuwa jekundu.

"Arobaini na moja," akasema.

Maneno yangu mawili hawakuyapigia kura. Yamo kwenye kumbukumbu za bunge, karani aliniahidi, na herufi zote zipo.

Safari ya kurudi Marva hakuhubiri. Aliendesha maili arobaini, upepo unasukuma theluji barabarani kama unga. Kwenye kituo cha mafuta akajaza tangi, akarudi, akafunga mlango kwa nguvu ambayo gari halikustahili.

"Umenidanganya."

"Sikusema neno."

"Ndivyo ulivyonidanganya! Nimekushika mkono mbele za watu, Ardis. Nimemshukuru Mungu kimoyomoyo. Unajua inaaibisha vipi kumrudia Mungu na kumwambia ilikuwa bure?"

"Kwa hilo nakuomba radhi."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Akaendesha. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ambayo kwetu Januari ni giza, taa za matrekta moja moja kwa mbali. Baada ya kitambo akasema, "Sandwichi imebaki moja."

"Kata."

Akaikata kwa mkono mmoja juu ya goti, akanipa kipande kidogo.

"Januari ijayo mswada utaletwa tena," akasema akitafuna. "Usidhani umekwisha. Na mimi nitakwenda tena."

"Najua."

"Na safari ijayo naandika jina mimi, halafu kalamu naweka mfukoni."

"Tutakwenda na gari lipi?"

Alifikiri. "Langu. Lako halipashi joto."

Nyumbani walikuwa wameshajua. Siku hizi bunge linaonekana kwenye simu, na shule nzima ilikuwa imetazama badala ya hesabu. Darrin alinipokea fimbo, akanivua buti, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yake, akaenda kwenye simu ya ukutani. Nilimsikia akizungumza na watu wa mnada. "Ndiyo. Wote. Hapana. Hapana, hawaji." Akakata. Hayo yalikuwa maneno mengi kwa saa ile, akaenda zizini kupumzika.

Borghild alikuwa chumbani kwake, amekaa sakafuni katikati ya maboksi. Yalikuwa manne, yamefungwa kwa utepe, kila moja limeandikwa kilichomo kwa mwandiko wake wa duara.

"Bibi, umelitaja jina langu mbele ya jimbo zima."

"Walisemaje shuleni?"

"Kwamba ni jina baya sana."

"Nilikwambia."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaegemeza kichwa kwenye goti langu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Goti hilo ndilo linaloniuma. Sikulisogeza.

Tukaanza kufungua. Vitabu akavirudisha rafuni, sweta akazitundika, viatu vya kukimbilia akaviweka dirishani. Maboksi matatu yakaisha. La nne lilikuwa na nguo za kiangazi. Akalishika, akaupima utepe kwa kucha, kisha akalisukuma chini ya kitanda, zima, bila kulifungua.

"Watarudi Januari," akasema.

"Watarudi."

"Basi hili acha likae."

"Likae," nikasema. "Haya nyanyuka, nishike mkono. Viazi havijamenywa."